SOMO LA FAMILIA: SADAKA INAYOBAKI NYUMA YETU
Jinsi kikundi kidogo kinavyoweza kupata watu wa kukikumbuka katika wosia wao

Masomo: Yeremia 32:6-15, 1 Nyakati 22:2-5 na 29:1-9, Marko 7:9-13

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, nalo ni mali atakayoiacha mtu akifa. Tusiogope. Mababu wa imani walilisema wazi mbele ya watoto wao, na sisi tulisome kwa moyo uliotulia.

1. SHIDA YETU TUNAIJUA

Karibu kila kanisa hapa lina kikundi kidogo: akina mama wanaotunza wajane, vijana wanaofundisha watoto kusoma, wazee wanaotembelea wagonjwa, kikundi cha ushonaji, kwaya. Vikundi hivi vinaishi kwa sadaka ya Jumapili na kwa mgeni anayekuja mara moja na bahasha. Mgeni asiporudi, kazi inasimama.

Tumeona wenyewe kwamba msaada wa mbali una mwisho. Tangu mwaka 2020 mgawo wa chakula umepunguzwa tena na tena. Mwaka 2025 WFP iliwaondoa kwenye mgawo wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda. Wakubwa wenyewe wakikosa fedha, kikundi cha watu 15 kitashika nini?

Hatusemi kwamba wosia utamaliza njaa ya mwezi huu. Hautaimaliza. Lakini kikundi kinachotaka kuwahudumia wajane hata miaka 10 ijayo kinahitaji kuanza leo kupanda mti ambao kivuli chake kitakuja baadaye.

2. SADAKA ILIYOPANGWA NI NINI?

Kuna sadaka ya mkononi, unayoitoa leo ikatumika leo. Kuna pia sadaka iliyopangwa. Hii mtu anaamua leo akiwa mzima, anaiandika, lakini itatolewa baadaye, mara nyingi baada ya yeye kulala. Kule Marekani sadaka za namna hii ni karibu sehemu 8 hadi 10 katika kila 100 ya fedha zote zinazotolewa kwa kazi za huruma kila mwaka. Vyuo, hospitali na makanisa makubwa huko yana watumishi ambao kazi yao ni hiyo tu, kutafuta watu wa kuandika wosia. Vikundi vidogo havina mtumishi kama huyo, na vingi hudhani kwamba jambo hili ni la matajiri. Hapo ndipo vinapokosea.

Jambo hili si geni hata kwa wenyeji wetu. Huku Ankole na kule Kigezi watu wana vyama vya engozi, ile machela ya kubebea wagonjwa. Kila mwanachama anachanga akiwa na afya, ili siku atakapougua abebwe, na siku atakapokufa azikwe kwa heshima. Mtu anachanga leo kwa ajili ya siku ambayo hataweza kuchanga. Sadaka iliyopangwa ni ndugu wa jambo hilo, tofauti ni kwamba hii inawabeba wengine.

3. YEREMIA ALINUNUA SHAMBA WAKATI WA VITA

Fungua Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Katika hali hiyo Mungu anamwambia anunue shamba la jamaa yake huko Anathothi. Mwenye akili ya kibiashara angesema huyu amechanganyikiwa, maana nani ananunua shamba ambalo adui amelikalia?

Angalia jinsi alivyofanya. Alipima fedha, shekeli 17. Aliandika hati. Aliita mashahidi nao wakatia sahihi. Hati moja ilitiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kisha akamwambia Baruku aziweke katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Imani ya Yeremia ilikuwa na karatasi, mashahidi na mahali pa kutunzia.

Sisi tuliokimbia tunaelewa habari hii kuliko wengi. Tuliacha mashamba. Wengine waliacha hati ndani ya nyumba zilizoteketea. Tusidhani kwamba kwa sababu tuko ugenini hatuna la kupanga. Yeremia alipanga akiwa kifungoni.

Tena soma 1 Nyakati 22. Daudi alijua hatalijenga hekalu kwa mkono wake, lakini alikusanya chuma, shaba, mawe na mierezi kwa ajili ya kazi ambayo macho yake hayangeiona. Katika sura ya 29 alitoa kwanza mali yake mwenyewe, ndipo wakuu wakatoa kwa hiari, na watu wakafurahi. Kiongozi alitangulia. Tutalirudia neno hili.

4. MAMA MFUA NGUO NA SARAFU KUMI

Katika mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi, Marekani, aliishi mama mmoja mweusi aitwaye Osceola McCarty, aliyezaliwa mwaka 1908. Aliacha shule darasa la sita ili amuuguze shangazi yake. Baada ya hapo alifua na kupiga pasi nguo za watu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 86, mikono ilipouma sana. Hakuolewa, hakuwa na mtoto, hakuwa na gari. Kila alichobakiza alikiweka benki kidogo kidogo.

Alipozeeka, watu wa benki walimuuliza anataka mali yake iende wapi. Walimwekea mezani sarafu kumi, kila sarafu ikiwa sehemu moja ya kumi ya mali yote. Akachagua moja kwa kanisa lake. Tatu akazitenga kwa ndugu zake watatu. Sita zilizobaki akaziweka kwa chuo kikuu cha mji wake ili zisomeshe wanafunzi wasio na uwezo. Mwaka 1995 habari ilitangazwa kwamba mfua nguo ametenga dola 150,000 kwa ajili ya chuo hicho. Watu walishangaa, na wengi wakaongeza fedha zao juu ya zake. Alifariki mwaka 1999.

Tunajifunza nini?

(a) Hakuwa tajiri aliyejulikana. Mtu ambaye angetafuta wafadhili kwa kuangalia magari na nyumba angempita.
(b) Hakuwasahau ndugu. Sarafu tatu kati ya kumi zilikuwa zao.
(c) Hakuandika mpaka mtu alipomuuliza kwa upole na kumsaidia kupanga. Wako wengi wenye moyo huo ambao hawajawahi kuulizwa.

5. TUWATAFUTE WAPI WATU HAWA?

Kikundi kidogo kisianze kwa kuandika barua kwa matajiri kisiowajua. Kianze na daftari lake. Fungua daftari la sadaka na la mahudhurio, uliza maswali haya:

• Nani ametoa kwa uaminifu miaka mingi, hata kama ni shilingi 500? Mtu aliyetoa kidogo kwa miaka 10 yuko karibu zaidi na wosia kuliko aliyetoa kikubwa mara moja.
• Nani amefanya kazi na sisi kwa mikono yake, akapika, akashona, akafundisha?
• Nani alisaidiwa na kikundi hiki siku alipofika hana kitu, na leo amesimama?
• Nani hana mtoto, au watoto wake wamekwisha kujitegemea?
• Nani alikuwa mshirika wetu hapa, na sasa anaishi Mbarara, Kampala, au amehamishiwa Kanada, Australia au Marekani?

Andika majina kumi tu. Kikundi chenye majina kumi ya kweli kina mwanzo mzuri. Na majina ya kwanza yawe ya viongozi wenyewe, kama Daudi. Mwenyekiti ambaye hajaandika wosia wake atamshawishije mwenzake?

6. TUSEME NAO NAMNA GANI?

Nenda nyumbani kwake, wawili wawili, kwa heshima ya umri wake. Mwamkie, uliza habari za watoto. Mweleze kazi ya kikundi: wajane wangapi, watoto wangapi, nini kimefanyika mwaka jana, nini kimeshindikana. Kisha sema kwa kifupi: "Mama, sisi viongozi tumeamua kukikumbuka kikundi hiki katika wosia wetu, baada ya watoto wetu kupata fungu lao. Tunakuomba nawe ufikirie jambo hili na kuliombea. Hatuhitaji jibu leo." Halafu kunywa chai, uombe, uondoke.

Kuna mahali pasipofaa kabisa. Usimwombe mgonjwa aliye kitandani. Usiseme jambo hili kwenye matanga. Usitangaze madhabahuni kwamba fulani ameahidi na fulani bado. Usiunganishe ahadi hii na maombezi, ubatizo wala cheo kanisani. Anayekataa aendelee kuwa mama yetu na baba yetu vilevile.

Anayekubali, mshukuru akiwa hai. Mwite kwenye mkutano wa kikundi, mpelekee habari za kazi kila baada ya miezi michache. Watu wengi hubadili nia kwa sababu baada ya kuahidi hakuna aliyerudi kuwaona.

7. MKIMBIZI ATAACHA NINI?

Tuseme kweli. Shamba tulilopewa Nakivale si letu kuliacha. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinaturuhusu kulima na kulisha mifugo, lakini haziruhusu kuliuza, kulikodisha wala kumhamishia mtu mwingine. Basi asiwepo mtu wa kuandika kwamba analiachia kanisa kiwanja chake cha makazi. Ni kuleta ugomvi.

Lakini kuna vilivyo vyako: mbuzi, kuku, cherehani, baiskeli au pikipiki, paneli ya sola, gitaa na spika, vyombo vya mgahawa, mavuno yaliyo ghalani, fedha, na hisa zako katika kikundi cha kuweka na kukopa. Walionunua mali mjini kwa njia ya halali waulize mwanasheria habari za mali hiyo. Na mwenye mali iliyobaki Kongo ajue kwamba Sheria ya Familia ya huko, ya mwaka 1987, inalinda fungu la watoto. Hawezi kuitoa yote kwa wengine.

Kwa walio ng'ambo, kuna njia rahisi. Wengi wana bima ya maisha kupitia kazi, au akiba ya uzeeni. Katika fomu ya bima au akiba hiyo huandikwa jina la atakayelipwa mwenye mali akifa, na mara nyingi fungu linaweza kugawanywa, mfano sehemu 90 kwa mke na watoto na sehemu 10 kwa kazi ya Bwana. Kwa kuwa kutuma fedha za namna hiyo nje ya nchi kuna taratibu nyingi, ni vema sehemu hiyo ipokewe na kanisa au shirika lililoandikishwa hukohuko, ambalo limekubali kwa maandishi kuifikisha hapa.

8. TUANDIKE SAWASAWA

Chukua mfano wa mama fundi. Kila siku alisema, "Nikifa, cherehani hii ni ya kikundi." Wote walimsikia. Alipolala, shemeji akaja kutoka mbali akaichukua. Kikundi kikanung'unika, jamaa wakakasirika, na jina la Bwana likatukanwa. Shemeji hakuvunja karatasi yoyote, maana karatasi haikuwepo.

Sheria ya Mirathi ya Uganda inataka mambo haya ya msingi:

• Wosia uwe wa maandishi, wa mtu mzima mwenye akili timamu, asiyelazimishwa.
• Mwenye wosia atie sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama yake.
• Wawepo mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi mbele yake. Waandike majina na anuani zao.
• Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu katika wosia huo, wala mume au mke wake. Akiwa shahidi, fungu lake linapotea. Kwa hiyo ni busara viongozi wa kikundi kinachopewa sadaka wasiwe mashahidi. Tafuteni majirani wengine.
• Si lazima kisheria, lakini ni vema ataje mtu wa kutekeleza wosia, mwaminifu, asiyetazamia kuhama karibuni.
• Wosia unaweza kubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai na akili zake. Kuandika hakumfungi mtu.

Maneno yanaweza kuwa mepesi, kama haya: "Baada ya madeni yangu na gharama za mazishi kulipwa, cherehani yangu naiacha kwa kikundi (jina kamili), kitumike kufundisha wasichana ushonaji. Kama kikundi hicho hakipo tena siku hiyo, kipewe (jina la pili)." Angalia sentensi ya mwisho. Hapa kwetu watu wanahama, wengine wanarudi nyumbani, vikundi vinavunjika. Jina la pili linaokoa sadaka isipotee.

Nakala moja ikae kwa mtekelezaji, nyingine kwa mtu anayeaminiwa nje ya familia. Kumbuka chombo cha udongo cha Baruku. Kabla ya kutia sahihi, msomee mwanasheria, hasa wale wanaotoa msaada wa bure kwa wakimbizi. Uliza ofisi ya OPM au viongozi wako wa RWC wapi wanapatikana.

Na kikundi nacho kijiweke sawa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kuunda vyama visivyo vya siasa wala vya faida. Kikundi cha ngazi ya jamii huandikishwa wilayani, na Nakivale iko wilaya ya Isingiro. Kikundi kisichoandikishwa, kisicho na jina moja wala akaunti, hakiwezi kudai kitu kilichoachwa kwa jina lake. Mtu hatauamini wosia wake kwa kikundi ambacho mweka hazina anatunza fedha chini ya godoro. Somo la 2 Wafalme 12:9-15 linaonyesha sanduku la hekalu lililohesabiwa na watu wawili kutoka nyumba mbili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Vikundi vyetu vya akiba vina sanduku la kufuli tatu. Tufanye vivyo hivyo kwa sadaka.

9. ONYO LA KORBANI

Sasa soma Marko 7:9-13 polepole. Walikuwepo watu waliosema mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa neno hilo wakawaacha baba na mama bila msaada. Bwana Yesu aliwakemea. Pia Paulo katika 1 Timotheo 5:8 anamhesabu asiyewatunza wa nyumbani mwake kuwa ameikana imani.

Kwa hiyo kikundi chochote kinachochukua mbuzi wa mwisho wa mjane huku wajukuu wanalala njaa, kimeleta Korbani ndani ya Nakivale. Sheria ya Uganda nayo inaona hivyo: mtu akigawa mali yote bila kuwaachia wanaomtegemea riziki ya kutosha, wao wanaweza kwenda mahakamani, na mahakama ikaamuru wapewe. Kanuni yetu iwe hii: madeni kwanza, familia pili, ndipo sadaka. Na wosia usiandikwe kwa siri. Mke ajue, mume ajue, watoto wakubwa wasikie kutoka kinywa cha mzazi, ili siku ya msiba wasitazamane na kanisa kama maadui.

Nasi tunaopokea tusiogope kukataa. Mtu akitaka kutoa kupita uwezo wa nyumba yake, tumrudishe kwa upendo tumwambie, "Baba, punguza. Anza na watoto."

10. MAMBO YA KUFANYA MWEZI HUU

1) Viongozi waandike wosia wao kwanza.
2) Kikundi kihakikishe jina, uandikishaji na akaunti.
3) Yaandikwe majina kumi kutoka daftarini, na watembelewe wawili kwa mwezi.
4) Pawe na kitabu cha ahadi, kinachotunzwa na watu watatu, kisichosomwa hadharani.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Chukueni punje kumi za mahindi, muziweke mezani. Kama mali yenu yote ni punje hizi kumi, ngapi ni za watoto, ngapi za wazazi walio hai, na je, ipo moja ya kazi ya Bwana? Kama leo haipo, msione haya. Soma 2 Wakorintho 8:12.
2. Ni mali gani ya nyumba hii ambayo hakuna karatasi inayosema ni ya nani?
3. Kama baba au mama angelala usiku huu, watoto wangejua nani anadaiwa na nani anatudai?
4. Kwa nini Yeremia aliita mashahidi, hali Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma?

TUOMBE

Bwana, wewe unajua vitu tulivyoacha njiani na vile vichache tulivyo navyo. Tufundishe kuvipanga kwa hekima. Linda watoto wetu wasigombane juu ya makaburi yetu. Inua katikati yetu watu wa kuwakumbuka wajane na yatima ambao hatutawaona. Ulipe kanisa lako mikono safi ya kupokea. Katika jina la Yesu, Amina.